Shantingi, Nairobi au transiti: dereva wa trela Mombasa alinganishe nini kabla ya kusaini

Dereva mwenye leseni ya daraja CE akiulizia kazi kuanzia Shimanzi mpaka Miritini ataletewa moja kati ya kazi tatu. Ya kwanza ni shantingi, yaani kuzunguka kati ya bandari ya Kilindini na yadi za makontena. Ya pili ni safari za Nairobi na miji mingine ya bara humu humu Kenya. Ya tatu ni transiti: Kampala, Kigali, Juba na kwingineko nje ya mpaka. Leseni ni ile ile na trela ni lile lile, lakini ni kazi tatu mbali mbali kabisa, na anayeijua moja vizuri huweza kuteseka mwaka mzima kwenye nyingine.

Wengi huuliza mshahara kwanza. Tunashauri swali jingine litangulie: gari likisimama, nani anayelipa? Trela la Mombasa husimama sana. Husimama getini, kwenye mizani, kwa mwenye mzigo, mpakani. Kampuni mbili zinaweza kutaja mshahara ule ule, moja ikakulipa siku za kusimama na nyingine isikulipe, na mwisho wa mwezi tofauti ikawa kubwa kuliko mshahara wenyewe. Yote yanayofuata yapimwe kwa swali hilo.

| | Shantingi | Nairobi na bara | Transiti |
|---|---|---|---|
| Umbali | ndani ya mji | takriban km 480 hadi Nairobi | takriban km 1,170 Kampala, km 1,680 Kigali, zaidi ya 1,600 Juba |
| Muda | mizunguko 2 hadi 4 kwa siku | siku 3 au 4 kwenda na kurudi | siku 8 hadi 10 Kampala, wiki 2 na zaidi Kigali na Juba |
| Unalala wapi | nyumbani | ndani ya kichwa cha gari | ndani ya kichwa, mara nyingi kwenye foleni |
| Kinachokula muda | geti na yadi | kushusha mzigo | mpaka |
| Pato hutoka wapi | mshahara na ovataimu | mshahara na malipo ya safari | mileji (malipo kwa kilomita) na posho |

Siku zilizo kwenye jedwali ni za safari isiyo na tatizo. Ukipewa hesabu ya mapato na mwajiri, muulize aliipiga kwa safari ngapi kwa mwezi, kisha uwaulize madereva wake wamepata safari ngapi mwezi uliopita.

Shantingi: mshahara mdogo, usingizi wa nyumbani

Kazi hii ni kuingia bandarini, kupakiwa kontena, kutoka na kulishusha kwenye mojawapo ya yadi za CFS (vituo vya makontena nje ya bandari) zilizotapakaa Changamwe, Port Reitz na Miritini, halafu kurudi. Ukiwa na bahati unafanya mizunguko minne kwa zamu. Foleni ya getini ikivimba, miwili. Unahitaji pasi ya bandari iliyo hai, jaketi la kuakisi mwanga, kofia ngumu na buti. Ukikosa kimoja hupiti getini, na gari ulilopewa linapewa mwingine.

Hatari ya shantingi si mwendo bali ni nafasi. Yadi ni finyu, mashine za kupakia zinapishana na watu wa miguu, na trela la futi 40 linahitaji uwanja ambao haupo. Hasara nyingi za madereva wa shantingi ni taa za nyuma, kingo za matairi na nguzo za geti zilizoguswa wakati wa kurudi kinyumenyume. Usirudi nyuma bila mtu wa kukuelekeza, na akitoweka kwenye kioo chako, simama hapo hapo.

Jambo linalowagharimu zaidi ni kontena lenyewe. Unapolipokea, karatasi ya makabidhiano (wengi huiita interchenji) inaeleza hali yake. Ukitia sahihi kuwa ni zima, kisha depo ikakuta limebonyea, kilichobonyea ni chako. Kwa hiyo kabla ya sahihi zunguka kontena lote: soma namba kwenye mlango na ubavuni uone zinalingana na karatasi, soma namba ya sili tarakimu kwa tarakimu, ishike sili na uivute kwa mkono, tazama nguzo nne za pembeni na bawaba za milango. Kama ni kontena tupu, ingia ndani, mwambie utingo akufungie mlango, usimame kimya nusu dakika mpaka macho yazoee giza. Mahali popote panapopenya mwanga pana tundu, na tundu hilo likiingiza mvua kwenye mzigo wa mtu, lawama itaanza na dereva wa mwisho. Piga picha kila ubavu. Ubonyeo wowote uandikwe kwenye karatasi papo hapo. Neno la mdomo halihesabiwi depo.

Kisha kufuli. Kontena hushikwa na kufuli za kuzungusha kwenye pembe zake nne za chini. Kwa safari fupi ya kutoka getini hadi Port Reitz kuna wanaofunga mbili tu za mshazari, au hawafungi kabisa, wakisema ni karibu. Kontena huanguka kwenye mzunguko wa barabara kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Funga zote nne.

Swali letu hapa lina jibu zuri kuliko kote. Dereva wa shantingi wa kampuni inayofuata sheria ni mfanyakazi wa saa: kanuni za jumla za mishahara Kenya zinaweka saa 52 za kawaida kwa wiki, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, au mara mbili siku ya mapumziko na sikukuu. Kusimama getini ni saa ya kazi. Lakini jihadhari na anayelipa kwa mzunguko, yaani kwa kila kontena. Huyo amekuhamishia foleni ya geti begani. Siku ambayo mfumo wa forodha umelala na magari yamepangana, wewe umefanya kazi saa kumi na mbili kwa pesa ya mzunguko mmoja.

Nairobi: hesabu inayodanganya

Hii ndiyo kazi inayopendwa na wengi, na ndiyo yenye hesabu ngumu zaidi kuliko inavyoonekana.

Tuanze na saa. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 66A, hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Gari zito linafungwa spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa, lakini ukijumlisha vilima, miji, mizani na malori yaliyo mbele yako, wastani halisi wa trela lililopakia ni kilomita 45 hadi 50 kwa saa. Kilomita 480 kwa wastani huo ni saa kumi hivi za usukani. Kwa hiyo mwajiri anayekuambia "ukitoka jioni asubuhi uko Athi River", na uko peke yako, anakutaka uvunje sheria, na ajali ikitokea jina lililo kwenye jalada la polisi litakuwa lako. Mpango unaotekelezeka ni kulala njiani mara moja: Mtito Andei iko karibu katikati ya safari, na wanaochelewa kutoka Mombasa huishia Maungu au Voi. Muulize mwajiri kituo cha kulala ni kipi na maegesho yake analipa nani. Asiye na jibu hajapanga safari.

Sasa pesa. Chukua mfano huu wa hesabu, weka namba zako mwenyewe mahali pake. Posho ya safari ni shilingi 5,000 kwa siku nne. Chakula shilingi 700 kwa siku ni 2,800. Maegesho na kuoga shilingi 300 kwa usiku, mara tatu, ni 900. Umebaki na 1,300, na kwa safari saba hiyo ni nyongeza ya 9,100 juu ya mshahara. Lakini fika Nairobi ukute bohari ya mwenye mzigo imejaa, ukae siku mbili zaidi. Siku mbili za chakula na maegesho ni 2,000. Ile 1,300 imekwisha, na 700 umetoa mfukoni kumfanyia tajiri kazi. Tena, safari saba zimekuwa tano. Ndiyo maana kipengele cha malipo ya siku za kusimama, hata shilingi mia chache kwa siku kuanzia siku ya pili, kina thamani kuliko nyongeza ya elfu mbili kwenye mshahara. Kipiganie kabla ya kusaini, maana baada ya kusaini hakipatikani.

Mizani ni somo lake. Mariakani, kilomita 36 hivi kutoka mjini, ndipo mahali pa kwanza kupimwa; ya pili ni Athi River. Trela la kawaida lina ekseli (mihimili ya magurudumu) sita: moja ya mbele, mbili za nyuma za kichwa na tatu za trela. Mipaka ni tani 8 kwa ile ya mbele, 18 kwa zile mbili kwa pamoja, 24 kwa zile tatu, jumla tani 50. Kosa ambalo madereva wapya hawalijui ni kwamba unaweza kuwa chini ya tani 50 na bado ukazuiwa, kwa sababu kila kundi la ekseli hupimwa peke yake.

Kontena la futi 20 lenye mzigo mzito ndilo linaloonyesha jambo hili vizuri. Wapakiaji hupenda kuliweka nyuma kabisa ya trela la futi 40, milango ikitazama nje, ili huko liendako lifunguliwe kwenye ukumbi wa kushushia bila shida. Gari linatoka hivyo, jumla tani 46, karatasi safi. Mariakani ekseli tatu za trela zinasoma tani 26 huku za kichwa zikiwa nyepesi. Jumla ni halali, kundi moja si halali, na gari halitoki mpaka kontena lisogezwe mbele, jambo linalohitaji mashine ambayo haipo hapo. Ukiliweka mbele kabisa tatizo linahamia kwenye ekseli za kichwa. Mahali pa kontena zito moja ni katikati ya trela, na trela lisilo na kufuli za katikati lisipewe mzigo huo. Ukiona linawekwa nyuma, kataa hapo hapo yadini, huku mashine ya kupakia bado iko mbele yako. Na muulize mwajiri mapema: faini ya mizani ikiwa kosa ni la upakiaji, hulipwa na nani? Jibu sahihi ni moja tu, na liwe kwenye maandishi.

Matairi ni 22: mawili mbele, manane ya kichwa, kumi na mawili ya trela. Kati ya Mariakani na Voi, ukanda wa Taru, lami huchemka mchana na tairi lenye upepo pungufu hujikunja, hupata moto kutoka ndani na kupasuka. Mara nyingi linalopasuka si lile lenye pancha. Ni mwenzake, lililobeba mzigo wa mawili kwa kilomita nyingi bila dereva kujua. Pima upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa geji si kwa kupiga teke. Kila unaposimama, pitisha kiganja karibu na kila jozi. Linalotoa joto kuliko wenzake lina tatizo, ama la upepo, ama la beringi, ama la breki inayoshika. Usipunguze upepo wa tairi la moto kwa sababu geji imesoma juu. Likipoa litakuwa pungufu.

Kazi ya Nairobi ina jambo moja jingine ambalo dereva hawezi kulipanga: reli. Treni za mizigo za SGR, reli ya kisasa, zilianza Januari 2018, na amri iliyofuata ya kupeleka makontena ya bara kwa reli iliacha malori mengi yamelala Changamwe na Miritini, na hoteli za Mariakani, Voi na Mtito Andei bila wateja. Septemba 2022 serikali mpya iliirudisha shughuli ya kutoa mizigo Mombasa. Mzigo ulirudi barabarani, lakini fundisho limebaki: kontena la Nairobi ndilo rahisi zaidi kuhamishwa kwa amri moja. Kampuni yenye mchanganyiko wa makontena, mzigo wa magunia na vyuma haiyumbi sana. Kampuni ya mteja mmoja wa makontena huyumba.

Transiti: pato kubwa, foleni ndefu

Kilomita ni nyingi, na kwa anayelipwa kwa kilomita hilo linavutia. Mombasa hadi Malaba ni kama kilomita 930, na bado hujatoka Kenya. Kwa saa 8 za usukani kwa siku, Kampala ni siku tatu na kidogo za kuendesha bila kuhesabu mpaka.

Mzigo wa transiti haujalipiwa ushuru Kenya, kwa hiyo forodha huufuatilia kama mtoto. Tangu 2017 kuna mfumo wa kieletroniki wa kufuatilia mizigo unaoendeshwa kwa pamoja na mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda. Kifaa hufungwa kwenye mlango wa kontena, na vituo vya Nairobi, Kampala na Kigali hukiona. Kinalia kikifunguliwa, kikiguswa, gari likiacha njia iliyoidhinishwa au likisimama muda mrefu mahali pasipopangwa. Maana yake kwa dereva ni kwamba huwezi kupita kwenu kusalimia kama kwenu si kandokando ya barabara kuu. Gari likiharibika, piga simu kwa ofisi mara moja na uandike saa, kabla hujamtafuta fundi. Kikosi cha forodha kikifika kikute tayari taarifa ipo. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, tembea mpaka nyuma uone kifaa na sili viko kama ulivyoviacha. Ukigundua kasoro Malaba huwezi tena kusema ilitokea wapi.

Karatasi: kwa Uganda na Rwanda Mkenya huvuka kwa kitambulisho, lakini Juba inataka pasipoti, na safari za nje ya mpaka zinataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Gari liwe na bima ya COMESA Yellow Card. Ile ya Kenya peke yake haikulindi ukigonga mtu Tororo, Uganda. Malaba na Busia ni vituo vya mpaka vya pamoja, yaani ukitoka Kenya unashughulikiwa na maafisa wa nchi zote mbili upande wa Uganda, husimami mara mbili. Hata hivyo foleni hutokea, na chanzo mara nyingi si mpaka bali ni karatasi za wakala ambazo hazijakamilika wakati gari limeshafika. Gari lenye karatasi kamili hukwama nyuma ya lisilo nazo. Usitoke Mombasa kwa ahadi kwamba karatasi zitakukuta njiani.

Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Kongo huendesha mkono wa kulia wa barabara, na usukani wako uko upande wa kulia. Kuipita gari nyingine hapo ni kazi ya utingo: yeye ndiye anayeona kinachokuja, wewe huoni. Safari za huko bila utingo, kampuni ikitaka kuokoa mshahara wake, tunashauri zikataliwe. Kumbuka pia kwamba Kigali na Juba ziko nyuma ya Nairobi kwa saa moja. Miadi ya kushusha husomwa kwa saa ya kule.

Miteremko ndiyo iliyoua wengi. Malori hupita njia ya Mai Mahiu kushuka Bonde la Ufa, na baada ya Nakuru kuna kipande cha Salgaa na Sachangwan, ambako moto wa lori la mafuta mwaka 2009 uliua zaidi ya watu mia moja na ajali ya alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 ikaua 36. Anayeshuka nyutro, yaani bila gia, ili aokoe dizeli anaacha breki peke yake zishike tani 50. Breki za ngoma zikipata moto hupanuka, viatu havifiki, na kanyagio linabaki gumu huku gari haliitikii. Ingia gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, tumia breki ya egzosti, kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha achia zipoe. Kuzishika kidogo kidogo mteremko mzima huzichemsha zaidi. Kampuni inayotoa zawadi ya dizeli iliyobaki bila kutofautisha njia inalipa watu kushuka nyutro. Hiyo ni sababu tosha ya kuikataa.

Juba tunaitaja peke yake. Kutoka Nimule, mpakani na Uganda, hadi Juba ni kilomita 192 za lami, na madereva wa Kenya na Uganda wameshambuliwa na kuuawa katika njia za Sudan Kusini; mara kadhaa wamegoma kuvuka Elegu, upande wa Uganda wa mpaka huo, mpaka wahakikishiwe ulinzi. Malipo ya Juba ni makubwa kwa sababu hiyo. Kama mwajiri hana jibu la maandishi kuhusu bima ya maisha na nani atasafirisha mwili au majeruhi kurudi nyumbani, malipo hayo hayatoshi, hata yawe mara mbili ya Kampala.

Na swali letu? Transiti ndiko jibu huwa baya zaidi. Mileji hulipwa gari likitembea. Siku tatu za foleni ni kilomita sifuri. Mkataba mzuri wa transiti una mshahara wa msingi unaotosha nyumbani hata bila safari, mileji juu yake, na posho ya siku inayoanza kuhesabiwa kila gari likisimama zaidi ya saa 24 mpakani au kwa mteja. Bila hiyo ya tatu, usishangae kuona dereva wa shantingi anamaliza mwezi na pesa zaidi mkononi.

Mzigo gani

Kontena lina faida kwamba likiwa na sili nzima, upungufu wa ndani si wako. Ngano, mbolea na klinka (malighafi ya saruji) hupimwa unapopakia na unaposhusha, na tofauti hukatwa kwa dereva katika kampuni nyingi. Dai nakala ya tiketi ya mizani ya kupakia, na turubai lifungwe mbele yako. Vyuma vya kuviringishwa vinataka minyororo, si kamba, kwa sababu ukifunga breki ghafla vinakufuata kwenye kichwa. Tanki za mafuta na gesi zinalipa vizuri zaidi ila dereva huhitaji cheti cha EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta. Mafuta mengi husafiri kwa bomba hadi Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu, kwa hiyo anayetaka tanki za Uganda mara nyingi atapakia huko bara, si Mombasa. Gesi ya kupikia ndiyo inayopakiwa hapa kwetu kwa wingi.

Kampuni au tajiri wa gari moja

Tajiri wa gari moja au mawili hulipa haraka, hukupokea bila mahojiano marefu, na ukielewana naye hukupa uhuru. Lakini gari lake likiingia gereji wiki tatu, na wewe umo gereji wiki tatu. Kampuni kubwa ina magari ya akiba, fundi wake, na mara nyingi NSSF ya pensheni, SHA ya matibabu na bima ya WIBA ya ajali kazini. Ina pia kamera, vipimo vya dizeli tankini na mtu wa ofisini anayekupigia kila saa moja. Wengine hawaiwezi hiyo, na ni haki yao.

Kwa wote wawili sheria ni ile ile. Kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka. Makato kwa mali iliyoharibika yanaruhusiwa pale uharibifu ulipotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, na makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Tairi lililopasuka Taru kwa uzee si kosa la makusudi. Kuna mwajiri anayetoa karatasi ya kusaini kwamba dereva "atawajibika kwa hasara yoyote". Iombe uende nayo nyumbani uisome, umwonyeshe mtu wa chama cha wafanyakazi. Akikataa usitoke nayo, umeshajua.

Nani achague ipi

Aliyetoka tu daraja C, ambaye hajazoea trela, aanze shantingi mwaka mzima. Kurudi nyuma, kuunga trela na kusoma karatasi hujifunzwa yadini kwa gharama ndogo kuliko barabarani Burnt Forest usiku. Mwenye watoto wadogo au mgonjwa wa kumhudumia nyumbani abaki shantingi, lakini kwa mwajiri wa saa na si wa mzunguko. Nairobi inamfaa mwenye nidhamu ya kulala na aliyepata kipengele cha siku za kusimama. Transiti inamfaa anayejua kukaa na karatasi kwa utulivu, mwenye akiba ya miezi miwili kabla ya kuanza. Mwenye kisukari au shinikizo la damu apime kwanza ratiba ya chakula chake na dawa zake dhidi ya foleni ya siku nne isiyo na kituo cha afya jirani.

Kazi yoyote utakayochukua, gari ulione kabla ya kusaini, na si kwa macho tu. Omba kuliunga na trela mwenyewe. Rudi nyuma taratibu mpaka usikie pini imeingia, shuka na tochi, tazama kwa chini kwamba taya za sahani ya kuungia trela zimeifunga pini na hakuna uwazi kati ya sahani na trela. Unga paipu za hewa, nyekundu na njano, subiri geji ipande. Ukiwa umefunga breki za trela, ingia gia ya chini na uvute mbele kidogo: trela likishika, limeungwa. Ndipo upandishe miguu yake. Halafu zima injini, kanyaga breki mpaka mwisho na uishikilie dakika mbili huku ukitazama geji. Ikishuka mbele ya macho yako kuna hewa inavuja, na utaisikia ikipuliza ukishusha kioo. Waambie waitengeneze, uone watachukua siku ngapi, na siku hizo watakulipa nini.